Flashi ya TB 2 kwa elfu kumi na tano: tuzungumze ukweli kuhusu ukubwa wa flopi, CD, flashi na memori kadi

Wakuu, salaam.

Nina kibanda cha steshenari hapa Tanga, jirani na chuo. Nachapa, naprinti, natoa kopi, naskani, na zamani nilikuwa nachoma CD mpaka usiku. Kila siku ya Mungu kuna mtu ananikabidhi kitu kidogo mkononi na kuniambia, "Fungua hapo, kazi yangu imo humo." Nimeshapokea flopi, CD, DVD, flashi na memori kadi, na nimeshawaambia watu wengi mno kwamba kazi yao haimo tena.

Wiki iliyopita alikuja dada mmoja na flashi iliyoandikwa TB 2, yaani terabaiti 2, sawa na GB 2,000. Kainunua elfu kumi na tano. Alikuwa amehamishia humo video za harusi ya mdogo wake, mafaili 38, jumla GB 43, kisha akaifuta kadi ya kamera kwa kuwa aliona zimeshahamia. Nikaichomeka. Majina ya mafaili yote 38 yapo, na ukubwa wa kila moja umeandikwa. La kwanza likafunguka, bwana harusi anashuka kwenye gari. La pili, la tatu, mpaka la sita yanacheza vizuri. La saba likakatikia katikati. Kuanzia la nane hakuna kitu, kioo cheusi. Nikaipima ile flashi: chipu iliyomo ndani ni ya GB 8.

Nimekaa na jambo hili moyoni siku kadhaa, ndiyo maana naandika. Uzi ni mrefu, tafuta chai kabisa.

Ninachotaka tuelewane ni hiki: watu wanalinganisha vifaa hivi kwa namba iliyoandikwa juu, na namba hiyo peke yake haikuambii kama kazi yako itakuwa salama. Kuna kifaa cha kubebea na kuna kifaa cha kuhifadhia. Kapu la sokoni si ghala, hata likiwa kubwa namna gani.

Naanza na flopi, au disketi kama wengine tulivyoizoea, kwa sababu ukubwa wake unaweza kuuhesabu kwa mkono. Ile ya inchi 3.5 ina pande 2. Kila upande una njia 80 za duara, kila njia ina vipande 18, na kila kipande kinabeba baiti 512 (baiti moja ni kama nafasi ya herufi moja). Zidisha: baiti 1,474,560. Ukigawa kwa milioni unapata MB 1.47. Ukigawa kwa 1,048,576, ambayo ndiyo megabaiti kwa hesabu ya kompyuta, unapata 1.41. Sasa 1.44 imetoka wapi? Walichukua kilobaiti 1,440, kila moja ya baiti 1,024, halafu wakazigawa kwa 1,000. Ni kama kupima mchele kwa pishi na kuandika risiti kwa kilo. Kwa hiyo mchanganyiko wa vipimo unaotusumbua leo kwenye flashi ulikuwepo toka enzi za flopi.

Flopi zenyewe zilianzia IBM mwaka 1971. Ilikuwa ya inchi 8, inabeba kama KB 80 tu, na kazi yake ilikuwa kupakia maelekezo kwenye kompyuta kubwa. Mwaka 1976 kampuni ya Shugart Associates ikaleta ya inchi 5.25. Ile ya MB 1.2 ilikuja na kompyuta ya IBM PC/AT mwaka 1984, na hii ngumu ya 1.44 ikasambaa na kompyuta za IBM PS/2 kuanzia 1987. Sony waliacha kuitengeneza mwaka 2011. Vijana wanaoniuliza kwa nini diski ya Windows inaanzia herufi C, jibu ni hilo: A na B zilikuwa nafasi za flopi.

Watu wanasahau adha yake. Windows 95 ilikuwa inauzwa pia kwa flopi 13, na ili ziwe 13 zisizidi, Microsoft walibana vipande 21 kwenye kila njia badala ya 18, karibu kila flopi ikabeba kama MB 1.68. Ukifika flopi ya 11 ikagoma kusomeka, kazi yote imeishia hapo.

Ila flopi ilikuwa na kitu kimoja ninachokitamani mpaka leo: kile kidude cha plastiki pembeni. Ukikisogeza tundu likawa wazi, hakuna kompyuta itakayoandika wala kufuta kitu humo. Memori kadi kubwa, ile ya SD ya kamera, imebaki na kiswichi kama hicho. Flashi nyingi hazina, ndiyo maana mwanafunzi anachomeka flashi safi kwenye mashine ya mtu na kuondoka na virusi, mafolda yote yamegeuka vijia-mkato (shortcut).

Diski za Zip za Iomega nitazipita haraka. Zilianza na MB 100 miaka ya tisini katikati, zikafika 250, zikaishia 750. Hapa kwetu nimeiona moja tu, kwenye ofisi moja, na hawakuwa tena na mashine ya kuisomea.

Sasa CD, na hapa nitakaa kidogo.

Chukua CD, DVD na Blu-ray uziweke mezani. Zote zina upana wa sentimita 12 na unene wa milimita 1.2. Ila moja inabeba MB 700, ya pili GB 4.7, ya tatu GB 25, na hiyo ni safu moja tu. Kilichobadilika ni mwanga. Leza ya CD ina mawimbi ya nanomita 780, ya DVD 650, ya Blu-ray 405, ile ya rangi ya zambarau. Mwanga ukiwa mwembamba unasoma alama ndogo zaidi, na mistari inaweza kusogezwa karibu: kwenye CD kati ya mstari na mstari kuna mikromita 1.6, kwenye DVD 0.74, kwenye Blu-ray 0.32. Shamba ni lilelile, mkulima kapata jembe jembamba akapanda mistari mingi zaidi. Na msidharau hata hiyo CD. Mstari wake mmoja unaozunguka toka ndani kwenda nje ukiunyoosha unazidi kilomita 5.

Kuna jambo la CD ambalo nalipenda sana. Kila kipande chake kina nafasi ya baiti 2,352. Ukiweka muziki, zote zinatumika kwa muziki. Ukiweka mafaili, baiti 2,048 tu ndizo zako. 304 zinazobaki ni za utambulisho na za kusahihisha makosa. Wimbo ukipoteza punje moja, sikio halijui. Hati ya mkataba ikibadilika tarakimu moja, hayo ni mambo mengine. Kwa hiyo waliobuni CD ya kompyuta walikubali kupoteza nafasi ili kazi yako isomeke hata sahani ikichubuka. Hesabu hiyo haionekani kwenye kasha, lakini imeokoa watu wengi.

CD ina udhaifu ambao wengi wameuelewa kinyume. Watu wanailinda upande unaong'aa, huku upande wa juu wanaandika kwa peni ya ncha kali na kubandika stika. Kwenye CD, data imekaa chini tu ya rangi ya juu, imefunikwa na varnishi nyembamba. Aliwahi kuja mzee na CD ya picha za hija, kaibandua stika aweke nyingine. Stika imetoka na ngozi ya fedha. Nikaiinua kwenye taa, nikaona mwanga unapita katikati kama dirisha. Pale mwanga unapopita hakuna fundi anayeweza kurudisha kitu. Mchubuko wa chini ungeweza kusuguliwa ukasomeka. DVD iko tofauti, data imelala katikati ya sahani mbili nyembamba, kwa hiyo huku juu haiumii haraka. Na kwa sisi wa pwani kuna unyevu. Nimeshafungua makasha nikakuta CD ina madoa ya fangasi kama mkate uliolala siku nyingi.

Sasa flashi na memori kadi.

Kumbukumbu ya namna hii ilibuniwa Japani na Fujio Masuoka alipokuwa Toshiba, miaka ya themanini. Flashi za USB zilianza kuuzwa mwaka 2000, na ya IBM ilikuwa na MB 8. Nane! Ilikuwa sawa na flopi tano na kitu, na watu waliiona kama muujiza. Kadi ya SD ilitangazwa 1999 na SanDisk, Panasonic na Toshiba, na familia yake imeendelea kwa hatua: SD ya kawaida mwisho GB 2, SDHC mwisho GB 32, SDXC mwisho TB 2, na SDUC ambayo kiwango chake kwenye karatasi kinafika TB 128. Hatua hizi si urembo. Kamera ya zamani ya SDHC ukiipa kadi ya GB 64 inaweza isiisome kabisa, na kadi ni nzima. Wengi wanairudisha dukani na kugombana bure.

Kadi ndogo ya microSD ni milimita 15 kwa 11, unene milimita 1, yaani ukucha wa kidole gumba. Ya GB 64 ina nafasi sawa na flopi zaidi ya 43,000. Flopi moja ina unene wa milimita 3.3, kwa hiyo ukizipanga moja juu ya nyingine mnara unapita mita 140, mrefu kuliko uwanja wa mpira.

Nafasi yote hiyo imepatikanaje? Fikiria ndoo. Zamani kila ndoo ilikuwa na hali mbili tu, tupu au imejaa, na hiyo ni biti moja. Kisha wakasema tuweke viwango 4 kwenye ndoo ileile, zikawa biti mbili. Halafu viwango 8, biti tatu. Sasa ziko zenye viwango 16, biti nne. "Maji" ni chaji ya umeme iliyonaswa ndani. Ndoo yenye hali mbili ikivuja kidogo, bado unajua ilikuwa imejaa. Ndoo yenye viwango 16 ikivuja kidogo tu, umeshasoma namba nyingine. Na kila ukiandika na kufuta, ndoo inachakaa. Ndiyo maana flashi kubwa ya bei chee iliyofungiwa kabatini miaka mingi bila kuguswa, tena kwenye joto, si mahali pa kuweka picha pekee ya marehemu mama yako.

Nije kwenye zile GB "zinazoibwa". Mtu ananunua flashi halali ya GB 32, kompyuta inasema 29.8, anarudi dukani amekasirika. Hajaibiwa. Mtengenezaji anahesabu gigabaiti kuwa baiti bilioni moja kamili. Windows inahesabu kwa 1,024 mara 1,024 mara 1,024. Kwa hesabu hiyo GB 64 zinasomeka 59.6 na TB 1 inasomeka GB 931, yaani TB 0.91. Hata DVD ya 4.7 inasomeka 4.38. Ajabu ni CD: ile ya 700 ni 700 kweli kwa hesabu ya kompyuta, na zaidi kidogo. Kwa hiyo upungufu wa karibu asilimia 7 kwenye GB, na 9 kwenye TB, ni wa kawaida.

Wizi wenyewe ni mwingine, nao haupunguzi namba. Unaongeza. Ndani ya flashi kuna vitu viwili: chipu inayohifadhi, na kontrola inayoongea na kompyuta. Kompyuta haina macho ya kuona chipu, inaamini inachoambiwa na kontrola. Tapeli anachukua chipu ya GB 8 na kuielekeza kontrola iseme TB 2. Unapokopi, orodha ya majina inaandikwa mwanzoni, sehemu ambayo ipo kweli, kwa hiyo majina yanabaki. GB 8 zikijaa, kontrola inaendelea kuitikia "nimepokea, nimepokea" huku inamwaga chini. Zipo nyingine zinazorudi mwanzo na kuandika juu ya mafaili ya kwanza, hizo unapoteza vya mwanzo na vya mwisho. Yule dada alikaa saa moja na nusu akiangalia ule mstari wa kijani ukijaa, na toka dakika kama ya kumi na tano hakuna kilichokuwa kinaingia.

Namna ya kuzikamata: ijaze yote, kisha soma ulichoandika ukilinganishe. Programu zinazofanya hivyo ni za bure, H2testw kwa Windows na F3 kwa Linux na Mac. Usipokuwa nazo, kopi mafaili mpaka ikaribie kujaa, chomoa, chomeka tena, ndipo ufungue ya mwanzo na ya mwisho. Hapo pa kuchomoa msiparuke, kwa sababu kompyuta inaweza kukuonyesha faili kutoka kwenye kumbukumbu yake yenyewe na ukadhani limo kwenye flashi. Fanya hivyo siku ya kununua, risiti bado iko mfukoni.

NYONGEZA, baada ya kusoma michango yenu.

Mkuu mmoja kauliza kwa nini flashi yake ya GB 32, tupu kabisa, inakataa filamu ya GB 6 na kusema faili ni kubwa mno. Flashi yako imefomatiwa kwa FAT32, mfumo wa zamani wa kupanga mafaili. Mfumo huo haukubali faili moja lifike GB 4, hata nafasi ikiwepo ya kumwaga. Ifomati kwa exFAT, lakini kwanza hamisha vilivyomo na uhakikishe televisheni yako inasoma exFAT, maana nyingine za zamani hazisomi.

Mwingine anasema flashi yake ni GB 128 halali lakini inachukua nusu siku. Ukubwa na kasi ni mambo mawili. USB 2.0 kwenye karatasi ni megabiti 480 kwa sekunde, yaani megabaiti 60 (biti 8 ni baiti moja), na kwa vitendo huwezi kuzipata zote. Flashi nyingi za bei chee zinaandika MB 8 au 10 kwa sekunde. GB 40 kwa MB 8 ni kama dakika 83. Kwa diski ya SSD, ile ya chipu isiyo na sahani inayozunguka, inayoandika MB 100 ni chini ya dakika 7. Kwenye kadi angalia alama: ile namba 10 ndani ya herufi C maana yake haitashuka chini ya MB 10 kwa sekunde inapoandika, na 3 ndani ya U ni MB 30. Wapiga video, hiyo ndiyo namba yenu kabla ya GB.

Dada mmoja kauliza aweke wapi picha za watoto zikae miaka. Mimi nisingeweka mahali pamoja. Hadi diski (hard disk) ya nje moja nyumbani, ya pili kwa ndugu mtaa mwingine, na zile chache unazozipenda kuliko zote uzipandishe mtandaoni bando likiruhusu. Mara moja kwa mwaka uzichomeke zote mbili, ufungue picha kadhaa uone zinafunguka. Taasisi kubwa duniani bado zinatumia kaseti za utepe kwa kazi hii. Kaseti moja ya LTO-9 inabeba TB 18 kabla ya kubanwa. Mashine ya kuisomea ni ghali mno kwa mtu wa kawaida, ila ujue waliosema utepe umekufa waliharakisha kusema.

NYONGEZA YA PILI, Jumamosi.

Wengi mmeuliza habari za harusi. Yule dada alikuwa hajaitumia tena kadi ya kamera toka aifute. Nikamwambia asipige hata picha moja, ailete kama ilivyo. Kufuta kwa haraka kunaondoa orodha tu, vilivyomo vinabaki mpaka kitu kingine kiandikwe juu yake. Ni kadi kubwa ya SD, nikasogeza kile kiswichi cha kufunga, nikaiachia PhotoRec, programu ya kurudisha mafaili yaliyofutwa, ifanye kazi. Ilianza saa nne asubuhi, adhuhuri ikaisha.

Yamepatikana mafaili 31 kati ya 38. Yamefunguka, nimeyaangalia moja moja mpaka mwisho. La kukata keki halimo. La bibi yake akimfunga mjukuu kanga limo lote, na sauti yake inasikika. Nimeyakopi kwenye hadi diski mbili, nikachomoa, nikachomeka tena, nikafungua la mwanzo na la mwisho mbele yake.